Jeni Iliyopokelewa na Ini Ikapotea Ndani ya Seli

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani, James Wilson akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa sungura wa Watanabe. Sungura hawa huzaliwa na kasoro. Jeni inayotengeneza kipokezi cha LDL, protini inayoinasa kolesteroli ya damu na kuiingiza kwenye seli, imeharibika. Kolesteroli yao hupanda tangu wakiwa wadogo na mishipa yao huanza kuziba mapema. Watafiti walichukua jeni nzima ya kipokezi hicho, wakaifungasha na protini yenye sukari ya galaktosi kwa nje, wakaidunga kwenye mshipa wa damu. Ini likaipokea. Kolesteroli ikashuka. Kisha ikapanda tena, kwa sababu jeni haikudumu.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu hatua zake zote za mwanzo zilikwenda sawasawa. Mzigo ulifika kwenye kiungo kilichokusudiwa. Sukari ilitambuliwa, seli ikafungua, jeni ikaingia, hata ikafanya kazi kwa muda. Miaka kama 30 baadaye sukari ya jamii hiyohiyo, ikinaswa na protini ileile ya ini, imezaa dawa, mojawapo ikiwa ya kudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Kama mlango, yaani protini hiyo ya ini inayonasa sukari, ulikuwa mzuri kiasi hicho, kwa nini jeni ya mwaka 1992 haikukaa? Naamini protini inayonasa sukari ilitimiza wajibu wake wote tangu siku ya kwanza, na haistahili lawama kwa jeni kupotea. Kikwazo kilikuwa ndani, baada ya mlango.

Protini za aina hii huitwa lektini. Ni protini zinazotambua sukari za umbo fulani na kuzishika bila kuzikata wala kuzibadili, na hapo ndipo zinapotofautiana na vimeng'enya. Ya kwanza kuchunguzwa ilitoka kwenye mbegu za mbarika: mwaka 1888, huko Dorpat (leo Tartu, Estonia), mtafiti Hermann Stillmark aliona kwamba maji ya mbegu hizo huzigandanisha chembe nyekundu za damu. Jina lektini lilikuja mwaka 1954, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua. Kwa muda mrefu watu walidhani ni mambo ya mimea, pamoja na viumbe wachache wasio na uti wa mgongo.

Lektini ya ini iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Gilbert Ashwell, aliyekuwa katika taasisi za taifa za afya za Marekani huko Bethesda, na Anatol Morell wa New York walitaka kujua seruloplazimini huishi muda gani katika damu. Hii ni protini inayobeba shaba, na ilihusishwa na ugonjwa wa Wilson ambao shaba hujikusanya kwenye ini na ubongo. Ili waifuatilie walihitaji kuitia alama ya mionzi. Protini hiyo ina minyororo midogo ya sukari, na kila mnyororo umefunikwa nchani na asidi ya sialiki. Wakaiondoa asidi hiyo kwa kimeng'enya, galaktosi iliyokuwa chini yake ikabaki wazi, nao wakaipachika tritiumu, yaani hidrojeni yenye mionzi, hapo. Kwa fikra zao walikuwa wameweka alama tu. Protini yenyewe walitegemea ibaki ileile.

Walipowadunga sungura, protini ilitoweka. Seruloplazimini kamili hukaa kwenye damu kwa siku kadhaa, lakini hii iliyovuliwa kofia yake iliondoka ndani ya dakika chache, na mionzi ikaonekana kwenye ini. Mtu mwenye haraka angesema kwamba protini imeharibika kwenye maandalizi, akaitupa, akaanza upya. Wao waliuliza ini limeona nini. Wakaiharibu ile galaktosi iliyokuwa wazi, na protini ikarudi kukaa muda mrefu kwenye damu. Kwa hiyo ini lilikuwa linaisoma galaktosi. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1968, na kufikia mwaka 1974 protini inayoisoma sukari hiyo ilikuwa imechujwa kutoka kwenye ini la sungura. Walipoijaribu kwa chembe nyekundu za damu, ilizigandanisha kama zinavyofanya lektini za mimea. Hiyo ndiyo lektini ya kwanza kujulikana kwa mamalia, na ni mojawapo ya kazi za biokemia ninazozipenda kuliko zote.

Sifa zake zinaeleza kwa nini watu wa jeni, yaani watafiti wanaotaka kutibu kwa kupeleka jeni kwenye seli, waliikimbilia. Seli ya ini hubeba vipokezi hivi vinavyokadiriwa kufikia 500,000 juu ya utando wake, na seli nyingine za mwili hazina, au zina vichache sana. Kipokezi kinahitaji ioni za kalisiamu ili kiishike sukari. Kikishaishika, kipande cha utando huzama ndani na kuwa kifuko kiitwacho endosomu. Ndani ya endosomu asidi huongezeka, kalisiamu hupungua, kipokezi hulegeza mshiko, kikauacha mzigo na kurudi juu kuchukua mwingine. Mzunguko mzima huchukua kama dakika 15. Mlango uliopo kwenye kiungo kimoja, unaojirudia wenyewe na usiochoka, ni nadra mwilini.

Jambo jingine ni idadi ya sukari. Yuan Chuan Lee na wenzake huko Baltimore walionyesha, kuanzia miaka ya 1980, kwamba galaktosi moja peke yake hushikwa kwa udhaifu mkubwa: inahitajika kwa kiwango cha milimola ili ishikwe. Zikiwekwa 3 kwenye tawi moja, zikiachana kwa nafasi inayofaa, kiwango kinachotosha hushuka hadi nanomola. Tofauti hiyo inakaribia mara milioni moja, ilhali sukari zimeongezeka mbili tu. Kidole kimoja hakinyanyui mtungi, ila vidole vitatu vikishika kwa pamoja mtungi unanyanyuka. Na N-asetili-galaktosamini, ambayo wataalamu huiita GalNAc, hushikwa vizuri zaidi kuliko galaktosi ya kawaida.

Basi mwaka 1987 watafiti George Wu na Catherine Wu walifanya jambo ambalo leo linaonekana la wazi. Walichukua orosomukoidi, protini ya damu yenye matawi mengi ya sukari, wakaivua asidi ya sialiki. Wakaiunganisha na polilisini, mnyororo wenye chaji chanya nyingi. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo ilijikunja yenyewe kwenye mnyororo huo bila gundi yoyote. Jeni waliyoichagua hutengeneza kimeng'enya cha bakteria ambacho hakimo katika seli za wanyama, hivyo kikionekana hakuna shaka kimetoka wapi. Kwenye seli za saratani ya ini zenye kipokezi, kilionekana. Kwenye seli zisizo na kipokezi hakikuonekana. Walipomwaga protini nyingi ya galaktosi isiyobeba kitu ili ishindanie mlango, jeni haikuingia. Huo ni ushahidi safi: njia ilikuwa lektini, na si nyingine. Mwaka 1988 walifanya hivyo kwa panya hai, na jeni ikafanya kazi kwenye maini yao.

Ilifanya kazi kidogo, na kwa muda mfupi. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza kubana.

Mwaka 1989 waliongeza hatua moja: baada ya kudunga walikata sehemu kubwa ya ini la panya. Ini hujiotesha upya, na walidhani kwamba seli zinazogawanyika zingeipokea jeni vizuri zaidi. Jeni ikadumu kwa wiki kadhaa badala ya siku chache. Maelezo ya mgawanyiko wa seli yalionekana kutosha. Lakini mwaka 1993 kundi lililohusisha watafiti haohao lilifuatilia DNA yenyewe imekaa wapi, na likaikuta ndani ya vifuko vya saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini. Upasuaji ulikuwa umevuruga usafirishaji wa vifuko kuelekea lisosomu, sehemu ya seli inayosaga kila kitu kwa asidi na vimeng'enya. DNA ilidumu kwa sababu haikupelekwa kusagwa. Kwangu hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote katika kisa hiki, ingawa ile ya mwaka 1987 ndiyo inayotajwa kila mahali. Inaonyesha kwa kidole mahali jeni ilipokuwa ikipotelea.

Ushahidi wa aina hiyo uliendelea kutoka kwenye maabara mbalimbali. Huko Orléans, Ufaransa, mwaka 1993, Patrick Midoux na wenzake waliondoa protini kabisa, wakabandika sukari ya laktosi moja kwa moja kwenye polilisini. Laktosi ina galaktosi nchani, kwa hiyo lektini iliikubali. Walitumia pia klorokwini, ileile dawa ya zamani ya malaria, kwa sababu hujikusanya ndani ya endosomu na kuzuia asidi isipande. Maabara nyingine ziliunganisha mzigo na adenovirusi, ambayo imejaliwa namna ya kuipasua endosomu ili itoke, au na peptidi (vipande vifupi vya protini) zilizoigwa kutoka kwenye virusi vya mafua. Jean-Paul Behr na wenzake huko Strasbourg walileta mwaka 1995 polietilenimini, kemikali inayonyonya asidi ndani ya endosomu.

Ukiacha laktosi ya Midoux, angalia kinachofanana katika klorokwini, adenovirusi, peptidi na polietilenimini. Hakuna iliyogusa sukari. Hakuna iliyoongeza vipokezi wala kuukaza mshiko wa lektini. Zote zilishughulikia kifuko cha ndani, na kila moja iliipandisha kazi ya jeni mara nyingi. Mlango ungekuwa ndio kikwazo, kuvunja ukuta wa chumba cha ndani kusingeleta mabadiliko makubwa kiasi hicho.

Yapo pia mambo mawili ya mzigo wenyewe. La kwanza ni ukubwa. Kuta za mishipa midogo ya ini zina vitundu vyenye upana wa nanomita 100 hivi, na kifurushi kikubwa hakipiti kufika kwenye seli za ini. Hata kikipita, majaribio ya chembe za mafuta zilizovikwa galaktosi yalionyesha kwamba zikizidi nanomita 70 hivi lektini ya seli za ini haizimezi, na badala yake huchukuliwa na seli za Kupffer, walinzi wa ini walio na vipokezi vyao vya galaktosi. Mtu anaweza kupima ini zima, akaona mionzi mingi, akafurahi, kumbe mzigo uko kwenye seli nyingine kabisa. Kupima kiungo hakutoshi, lazima kupima aina ya seli.

La pili ni kiini cha seli. DNA ya aina hii husomwa kwenye kiini tu. Mario Capecchi alilionyesha hilo mwaka 1980 kwa sindano nyembamba mno. Alipodunga jeni moja kwa moja kwenye kiini, kati ya asilimia 50 na 100 ya seli ziliitumia. Alipoidunga kwenye saitoplazimu, kati ya seli zaidi ya 1,000 hakuna hata moja iliyoitumia. DNA yenye urefu wa zaidi ya jozi 2,000 za herufi husogea kwa shida sana ndani ya saitoplazimu, na jeni pamoja na pete ya DNA inayoibeba huzidi hapo kwa urahisi. Kwa hiyo hata ile iliyoponyoka kwenye endosomu ya sungura wa mwaka 1992 ilikuwa bado na safari ndefu, huku ikikatwakatwa njiani.

Mbarika, iliyotajwa mwanzoni, inastahili kurudi hapa kidogo. Sumu yake, risini, ina vipande viwili: kimoja ni lektini inayoshika galaktosi juu ya seli, kingine ni kimeng'enya kinachoharibu ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini. Ni mfano wa maumbile wa lektini inayopeleka mzigo ndani. Nayo haifiki kwa kushika sukari tu. Sehemu ndogo ya risini hurudi nyuma kupitia vifaa vya Golgi, vinavyofungasha protini za seli, hadi kwenye mtandao wa ndani wa seli, na hapo kipande cha sumu huvuka utando kwa kutumia njia ambayo seli huitumia kutoa protini mbovu. Sehemu hiyo ndogo inaua kwa sababu kimeng'enya kimoja hurudia kazi yake mara nyingi. Nashangaa kwamba kwa muda mrefu watu wa jeni waliiga mshiko wa lektini bila kujiuliza sana maumbile yanafanya nini baada ya mshiko.

Zamu ya pili ya kisa ilikuja na mzigo tofauti. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walieleza jinsi RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA, ikiwa na nyuzi mbili inavyozima jeni, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2006. Kipande kinachohitajika ni kifupi, chenye herufi 21 hadi 23 kwa kila uzi, kiitwacho siRNA. Ni kidogo mno kulinganisha na jeni. Hufanya kazi kwenye saitoplazimu, kwa hiyo hakihitaji kiini. Tena, kama risini, kikishaingia kwenye mashine yake hutumika tena na tena, hivyo hata vipande vichache vinatosha. Wanakemia wakabandika GalNAc 3 kwenye ncha ya kipande hicho, kwa kufuata hesabu za Lee, kikawa kinadungwa chini ya ngozi.

Sasa tufike kwenye ulinganisho ambao naona unaamua kesi. Dawa mbili zilitengenezwa kuzima jeni moja, ile ya transthairetini, protini ambayo ikijikunja vibaya hujikusanya kwenye moyo na neva na kuziharibu. Zote mbili zina GalNAc 3. Zote huingia kupitia lektini ileile. Ya kwanza, revusirani, ilitolewa kwa miligramu 500: siku 5 mfululizo, kisha kila wiki, jumla zaidi ya gramu 25 kwa mwaka. Majaribio yake yalisimamishwa Oktoba 2016 baada ya vifo kuwa vingi kwa waliopewa dawa kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Ya pili, vutrisirani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Dozi yake ni miligramu 25 kila baada ya miezi 3, yaani miligramu 100 kwa mwaka. Kiasi hicho ni chini ya sehemu moja ya 250 ya kile cha kwanza.

Kilichobadilika kati yao ni kemia ya RNA yenyewe. Katika ile mpya, viungo vya nchani vilitiwa salfa na mpangilio wa mabadiliko kwenye sukari za uti wa RNA ukaboreshwa, hata vimeng'enya vya endosomu na lisosomu vikashindwa kuikata. Sehemu inayotoka nje ya endosomu bado ni ndogo sana, inakadiriwa kuwa chini ya asilimia 1. Lakini iliyobaki haisagwi. Inakaa ndani ya vifuko vyenye asidi kama akiba na kuvuja kidogokidogo kwa miezi. Ndiyo sababu inklisirani, dawa ya kushusha kolesteroli ya kundi hilohilo, baada ya dozi 2 za mwanzo hudungwa kila miezi 6. Wale panya waliokatwa ini walikuwa wametuonyesha tangu mwaka 1993 kwamba kifuko kinaweza kuwa ghala badala ya kaburi, ilimradi kilichomo kisisagwe.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mtu anaweza kusema: GalNAc hushikwa vizuri kuliko galaktosi, pengine dawa zimefaulu kwa sababu ya sukari bora. Ni kweli kwamba mshiko ni bora. Lakini orosomukoidi ya akina Wu ilikuwa na minyororo kadhaa yenye matawi kadhaa ya galaktosi, na kwa hesabu za Lee za sukari zinazoshikwa pamoja mshiko wake ulikuwa tayari kwenye kiwango cha nanomola. Na revusirani ilikuwa na sukari hiyo bora, bado ikahitaji gramu kwa gramu.

Mwaka 2023 kolesteroli ya wasio na kipokezi cha LDL ilirudi mezani, safari hii kwa nyani. Chembe ndogo za mafuta zinazobeba RNA huingia kwenye ini kwa kuvaa protini iitwayo ApoE na kupita kwa kipokezi cha LDL, na kwa hiyo mgonjwa asiye na kipokezi hicho hawezi kusaidiwa nazo. Watafiti walizibandika GalNAc ili zipite kwa lektini badala yake. Ndani yake waliweka RNA ya kutengeneza kifaa kinachobadili herufi moja ya DNA, kikilenga jeni ya ANGPTL3 ambayo ikizimwa mafuta ya damu hushuka. Mafuta ya chembe hizo hupata chaji kwenye asidi na kuuvuruga utando wa endosomu. RNA husomwa kwenye saitoplazimu, protini yake hujipeleka yenyewe kwenye kiini, na herufi ikishabadilika mzigo wote unaweza kusagwa bila hasara. Kwa nyani waliokosa kipokezi cha LDL, chembe zisizo na sukari zilibadili asilimia 5 ya jeni hiyo kwenye ini. Zenye GalNAc zilibadili asilimia 61.

Ukiiweka kazi hiyo kando ya sungura wa mwaka 1992, ugonjwa ni uleule, na mlango ni uleule. Polilisini imeondoka, pete ya DNA imeondoka, njia ya kutoka kwenye endosomu imeongezwa, safari ya kiini imekabidhiwa protini. Kitu pekee cha mwaka 1987 ambacho bado kimo ni ile sukari inayoelekea nje, ikisubiri kushikwa na protini ambayo Ashwell na Morell waliikuta wakati wakitafuta umri wa seruloplazimini.